Siku Tuliyompelekea Tajiri Fito

Kijana, nataka kukuuliza swali, na tafadhali usinijibu kwa adabu. Tajiri wako, yule mwenye kazi, akifunga mlango leo na kukuambia kesho usije, wewe unamjibu nini?

Nauliza kwa sababu juzi nilikuwa Mosocho, nikawakuta vijana wawili wamekaa kando ya barabara, aproni bado ziko kiunoni. Hoteli walimokuwa wakipika imefungwa. Nikawauliza, mmelipwa notisi? Mmoja akanicheka kidogo, kama mtu anayemcheka mzee aliyepotea njia. Akasema, "Notisi ya nini, mzee? Pale tulikuwa kama familia. Tajiri alituombea, tukaagana vizuri."

Familia! Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu mpaka mke wangu akauliza nimegombana na nani. Nimegombana na neno hilo moja. Ndiyo maana leo nimekaa na kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la tatu, niwaeleze jinsi neno hilo lilivyotaka kutula sisi mifupa na nyama.

Kama hunijui, mimi ni Ogeto wa mikate. Shuka Masimba, uliza mtu yeyote. Lile tanuri lililo nyuma ya duka nililijenga kwa mikono hii, tofali juu ya tofali, bila benki na bila mjomba serikalini. Mgongo umekataa kazi kabla ya uzee kufika, kwa hiyo siku hizi nakaa kwenye kiti na kuwasumbua wanaooka. Lakini hakuna mtu kutoka Kisii mpaka Nyamira atakayenifundisha mkate. Sijisifu, nasema tu ilivyo.

Kazi niliifundishwa na Okemwa. Huyu alikuwa mpishi katika jeshi la Wazungu, akarudi na kikohozi na ufundi wa kuoka. Sisi tulikuwa vijana wa bekari ndogo pale Mosocho, kabla tu ya Uhuru, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa moto. Hakuwa na kipimo cha joto. Alichukua unga kidogo wa ngano kwa vidole, akaurusha sakafuni mwa tanuri. Ukigeuka mweusi papo hapo, moto umezidi, ngoja. Ukibaki mweupe unakutazama tu, ongeza kuni. Ukipata rangi ya kahawia polepole, kama mgongo wa mtu anayepalilia juani, ingiza mikate. Mpaka leo natumia unga huo huo. Na kinyunga, donge la unga uliokandwa, utakijua kwa kidole: kibonyeze, shimo likirudi taratibu kimeiva, likiruka haraka kiache kilale tena, lisiporudi kabisa umechelewa, kawape kuku.

Nilijifunza kwa kuaibika. Siku moja nilisahau hamira. Mikate ilitoka ikiwa midogo, mizito, na Moseti, aliyekuwa akisambaza kwa baiskeli, akaipeleka hivyo hivyo. Mwenye duka mmoja wa Birongo alirudisha yote isipokuwa mmoja. Akamwambia Moseti, "Huu mmoja nitabaki nao, mlango wangu ulikuwa hauna kitu cha kuuzuia na upepo." Kila nilipopita Birongo mwaka ule niliuona mkate wangu pale chini, unafanya kazi ya jiwe.

Sasa sikiliza. Mikate ile nilikatwa kwenye mshahara, yote, mpaka ule uliokuwa ukizuia mlango. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Mwenye bekari alikuwa Mzee Ombati. Mtu wa kanisa, shati jeupe, sauti ya upole. Alituita *abana bane*, wanangu. Nasi tulimwita *tata*, kama unavyomwita baba aliyekuzaa. Kila Ijumaa kabla jua halijazama tulifunga kazi kwa ajili ya Sabato, nami nikafunika makaa kwa majivu ili Jumapili alfajiri niyaamshe. Kabla ya kuondoka tulisimama, tata akaomba, akataja kila mmoja wetu kwa jina mbele za Mungu. Nani hangependa? Mimi baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Kusikia mwanaume mzima anakutaja katika maombi, kifua kinapanuka.

Okemwa peke yake hakumwita tata. Alimwita Bwana Ombati. Siku moja nikamuuliza, "Kwa nini una kiburi hivyo?"

"Kiburi gani? Tata wangu nilimzika mwenyewe, kaburi lake nalijua. Huyu ananilipa."

"Lakini anatupenda."

"Anipende akishanilipa," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Macho yake yalipoanza kufifia kwa ajili ya moshi, Ombati alimwambia akapumzike. Okemwa alikaa kwenye benchi la mlangoni akakataa kuondoka mpaka apewe mshahara wa mwezi wa notisi. Alipewa. Sisi tulimwona mtu mgumu, asiye na shukrani. Tulimsema nyuma yake. Mjinga akiwa mchanga huwa mjinga mara mbili.

Miaka ikapita, ikaja mikate ya lori. Mnaijua, ile inayofungwa kwa karatasi, laini kama pamba, haina ladha. Wenye maduka wakaipenda kwa sababu ya karatasi. Biashara yetu ikapungua, hilo silikatai. Tajiri ana haki ya kufunga kazi inayomtia hasara, na sheria haimfungi kwa kamba kwenye tanuri. Mimi mwenyewe ni tajiri leo, najua. Ninachokasirikia ni jinsi alivyofunga.

Ijumaa aliomba kama kawaida. Alitutaja majina. Alisema, "Tuonane Jumapili, abana bane." Tukajibu amina.

Jumapili alfajiri nikaja. Tanuri lilikuwa nyuma, chini ya mabati, wazi pande mbili. Niliingiza mkono kwenye majivu kutafuta makaa yangu. Majivu yalikuwa matope. Mtu alikuwa ameyamwagia maji. Miaka yote ile lile tanuri halikuwahi kupoa. Hata Sabato lilikuwa na uvuguvugu, paka walilala juu yake. Nikaweka kiganja kwenye matofali, yalikuwa baridi kama ya nyumba iliyohamwa. Kisha nikaona mlango wa chumba cha kukandia: kufuli jipya, linang'aa. Wiki hiyo hiyo mashine ya kusaga mahindi ilishushwa pale, pamoja na mwanaume mwingine wa kuiendesha.

Tulimfuata Ombati nyumbani kwake, mimi, Moseti na Bosire. Bosire ndiye aliyekuwa mkandaji, mikono kama nguzo, moyo kama wa njiwa. Mwaka ulikuwa unaisha. Binti yake wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni, wa kwanza katika ukoo wao mzima, na mshahara wa mwezi uliofuata ndio uliokuwa umepangiwa karo. Bila huo, mtoto angebaki nyumbani kuchuma majani chai ya watu. Hilo ndilo lililokuwa mezani, vijana. Msidhani tulikuwa tunagombania heshima.

Ombati alitukaribisha ndizi na chai. Akasema, "Wanangu, biashara imekufa. Nendeni kwa amani, Mungu atawafungulia mlango mwingine." Bosire akashukuru. Akashukuru! Mimi nikasema, "Tata, na notisi?" Akaniangalia kwa huzuni kama nimetukana mbele ya watoto.

Kesho yake nikawaburuta wenzangu mpaka afisi ya leba mjini Kisii. Afisa alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake laini hata akikukataza unataka kumshukuru. Alitusikiliza. Akasema anayelipwa kwa mwezi haachishwi hivi hivi; anapewa notisi ya mwezi, au mshahara wa mwezi badala yake, pamoja na siku za likizo alizokuwa hajachukua. Hata kama tajiri anafunga. Hata kama ana wafanyakazi watatu tu na tanuri moja. Nilitaka kumkumbatia. Akamwita Ombati aje.

Ombati akaja amevaa koti, kofia mkononi.

"Bwana afisa," akasema, "hapa hakuna mfanyakazi. Hawa ni watoto wangu. Huyu Bosire, ng'ombe wa mahari yake alitoka zizini kwangu. Huyu Moseti amekula kwangu tangu hajaota ndevu. Na huyu Ogeto mwenye mdomo, mimi ndiye niliyemfundisha kushika unga."

Uongo mtupu! Unga nilishikishwa na Okemwa.

"Walinisaidia, nami nikawasaidia. Sasa nyumba imepata shida. Wewe, bwana, baba yako aliwahi kukupa notisi?"

Afisa akatabasamu kidogo, akamgeukia Bosire. "Huyu ni nani kwako?"

Bosire akaangalia viatu vyake. "Ni baba," akasema.

"Na wewe?"

"Ni baba," akasema Moseti.

Nilitamani kuwakanyaga wote wawili lakini meza ilikuwa katikati. Lakini niseme ukweli, nyinyi wa siku hizi hamtaelewa. Kwetu mtu aliyekutolea ng'ombe ukaoa, hutasimama mbele ya mgeni umkane. Ulimi unakuwa mzito. Ombati alilijua hilo, ndiyo maana alianza na ng'ombe.

Afisa akaweka kalamu chini. Hakukuwa na mkataba wowote ulioandikwa. "Mimi nashughulika na tajiri na mfanyakazi," akasema. "Baba na wanawe wana wazee wao. Nendeni mkaamue nyinyi ni nani. Mkirudi mkiwa wafanyakazi, nitawahudumia."

Huko nje nikamkaba Bosire. "Mbona umeniua?"

"Ningesema nini, Ogeto? Ng'ombe yule ndiye aliyenipa mke na binti."

"Ng'ombe yule si ulikatwa mshahara mpaka ukamlipa hadi mkia?"

Akasema polepole, "Ni kweli. Nilikatwa."

"Baba gani anamkata mwanawe mshahara kwa ajili ya ng'ombe wa mahari? Mimi nilikatwa mkate unaozuia mlango Birongo! Baba yako aliwahi kukukata?"

Moseti akaanza kucheka. Na hapo, katikati ya kicheko cha Moseti, ndipo akili hii yangu ya darasa la tatu ilipowaka. Nikasema, "Sawa. Kama sisi ni watoto, twendeni nyumbani tukapewe vya watoto."

Moseti alijua habari za kila boma kwa sababu ya baiskeli. Nyumbani kwa Ombati kulikuwa upande wa Birongo, na Jumapili iliyofuata alikuwa amewaita wazee na naibu wa chifu kuwagawia wanawe shamba. Hatukuhitaji siku nyingine.

Asubuhi hiyo tulipita katikati ya mji wa Kisii tukiwa msafara. Baiskeli ya mikate imefungwa nguzo na fito, ndefu mpaka zinaburuta nyuma, Moseti anaisukuma. Bosire amebeba nyasi za kuezekea kichwani. Mimi mbele na jembe. Watu wakauliza, "Mnajenga wapi?" Nikawajibu, "Kwa baba yetu." Wakatutakia heri.

Tulipofika, wazee walikuwa wamekaa uani kwenye viti, kamba ya kupimia imenyooshwa, vigingi vimewekwa. Ombati alituona akasimama.

"*Bwakire, tata*," nikasalimu, kwa heshima yote, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Bwakire. Kuna nini?"

"Tumesikia unagawa shamba, tukaharakisha. Tuonyeshe mahali pa kujenga *esaiga* zetu." Mgeni asiyejua: esaiga ni ile nyumba ya kijana anayokaa kabla hajawa na mji wake, na baba ndiye humwonyesha mahali pa kuijenga. Akishaonyeshwa, ni pake; hakuna wa kumtoa.

Ombati akacheka kwa wasiwasi. "Huyu Ogeto anapenda mzaha."

Mimi nikapita kwenye kigingi cha kwanza, palipokuwa na majani chai mazuri yanayoshuka mpaka mtoni. Nikasema, "Mimi napenda hapa." Nikapiga jembe. Udongo mwekundu, laini, ungeoteza hata kijiko.

Nyangau, mwanawe mkubwa, alitoka mbio. "Wewe! Hapo ni kwangu!"

"Pole, ndugu yangu. Sikujua umeshachagua. Basi nitasogea kidogo, tupakane."

"Ndugu yako nani?"

"Muulize baba. Alisema kwa serikali, mjini, kwamba sisi watatu ni watoto wake. Ng'ombe wa Bosire alitoka zizi hili. Na mgawo sasa ni wa watu wengi zaidi, itabidi mpime tena hiyo kamba."

Moseti alikuwa tayari anashusha nguzo. Bosire, yule wa moyo wa njiwa, aliweka nyasi zake chini, akavua shati na kuanza kuchimba shimo bila neno. Ile mikono ilikuwa ikikanda unga wa mji mzima. Shimo lilishuka hata wazee wakasogeza viti. Mama wa nyumba akatoka na mwiko mkononi. "Baba Nyangau, hawa wamezaliwa wapi? Niambie leo!" Wazee wakaanza kukohoa wakificha vinywa.

Nyangau akamgeukia baba yake. "Baba, sema mbele ya watu hawa. Hawa ni nani?"

Na Ombati, jasho linamtoka kwenye kola nyeupe, akapiga kelele: "Ni wafanyakazi wangu! Vijana wa kuajiriwa tu! Niliwalipa mshahara, sina deni la shamba na mtu!"

Naibu wa chifu, mwanaume mnene aliyekuwa hajasema lolote, akauliza taratibu, "Uliwalipa kwa siku au kwa mwezi?"

"Kwa mwezi! Kila mwezi! Hawajakosa hata mara moja!"

Nikaegemea jembe langu. "Asante, Bwana Ombati," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo, na lile neno lilikuwa tamu mdomoni kuliko mkate wa moto.

Jumatatu naibu wa chifu alikuja nasi afisi ya leba kueleza alichosikia. Yule afisa wa Pwani alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, uso ukabadilika, akamwita Ombati, akamwambia achague kati ya kulipa pale na kwenda kujieleza kortini. Alilipa. Mshahara wa mwezi badala ya notisi, na likizo yetu yote. Binti wa Bosire alienda shule, na leo ni muuguzi. Aliponichoma sindano mwaka jana hakuniumiza.

Lakini msidhani nimemaliza hasira. Ile miaka yetu yenyewe, ile ya moshi, ya kuungua mikono, ya kukohoa kama Okemwa, haikuhesabiwa popote. Niliuliza. Nikaambiwa kwa wakati ule hakuna kitu. Tulitoka pale na mwezi mmoja na likizo, kana kwamba tuliingia jana. Nasikia siku hizi sheria imeandikwa upya, na kazi ikifa mtu anaweza kudai kitu kwa ajili ya miaka aliyofanya. Sijui yote, mimi si wakili. Nenda ukaulize, hawakutozi kuuliza. Ila usiende kama Bosire, ukiangalia viatu. Mtu akikuuliza huyu ni nani kwako, sema ni tajiri wangu, nilifanya kazi hii, ananilipa kwa mwezi, nilianza wakati fulani, na fulani aliniona. Ukimaliza hapo, mwombee heri ukitaka.

Bosire alilia njiani siku ile tuliyolipwa. Nikamuuliza, unalia nini na pesa unayo? Akasema, "Nilidhani aliposema wanangu alikuwa akimaanisha." Na hilo ndilo sijamsamehe Ombati mpaka leo. Mshahara aliurudisha. Zile Ijumaa zote tulizosimama tumefumba macho hakuzirudisha.

Kwangu Masimba hakuna kijana anayeniita baba. Akijisahau namwambia, baba yako yuko nyumbani, mimi naitwa Ogeto na mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Wananiona mgumu, wananisema nyuma yangu, nasikia. Waniseme. Siku nitakayofunga watajua wiki nyingi kabla, na kila mmoja atatoka na chake mkononi.

Zile nguzo na fito hatukuziacha kwa Ombati. Zilikuwa zetu, tulizikata wenyewe. Ndizo zilizobeba mabati ya kwanza juu ya tanuri langu. Juzi nilibadilisha paa, nikazishusha, bado ni nzima, mchwa hajazigusa. Nimezilaza nyuma ya duka.

Kwa hiyo nyinyi wawili wa Mosocho, wenye aproni, kama mnasoma hapa: nendeni leba kwanza. Na tajiri wenu akienda kusema kule kwamba mlikuwa familia, njooni Masimba. Jembe ninalo, fito zipo, na Jumapili sina kazi.